Maji Mekundu ya Mninga

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea krimu ya uso, akanisomea maandishi ya kwenye kichupa: imetengenezwa kwa magome ya mti, inatuliza ngozi iliyoungua, inakausha vipele, inafuta makovu. Sijui ni mti gani waliotumia. Lakini nilipofungua kifuniko, chini ya yale manukato nilisikia harufu kali kidogo, kama ubao mbichi ulionyeshewa mvua, nikakifunga kichupa papo hapo. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimerudi Iringa, nina miaka minane, nimefungiwa chumbani na shangazi yangu Zena.

Shangazi Zena alikuwa mdogo wake baba, wa mwisho kuzaliwa, na alikuwa na miaka kumi na sita. Babu alikuwa amepokea posa yake kutoka kwa mfanyabiashara wa nguo wa Mbeya, mtu mzima mwenye mke tayari na duka la milango miwili. Desturi ya nyumba yetu, waliyokuja nayo wazee kutoka pwani, ilikuwa mwali hukaa ndani mwezi mzima kabla ya harusi, asionwe na jua wala na mtu. Na kwa kuwa mwali hakai peke yake, Bibi alinichagua mimi. Nilijiona nimepata cheo. Siku ya tatu nilikuwa nimeshachoka.

Kile chumba nakikumbuka kama kiganja changu. Kitanda cha kamba, mkeka, kidirisha kimoja chenye wavu kilichotazama uani. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, na ukungu wa asubuhi ulikuja mpaka kwenye wavu. Nje niliwasikia wenzangu wakicheza mdako, nikazijua sauti zao moja moja. Mlango haukuwa na kufuli. Haukuhitaji, maana Bibi alikuwa amekaa nje yake na kinu chake.

Ndani ya kinu mlikuwa na gome la mninga. Lililetwa na Mama Lusia, Mhehe wa kutoka milimani aliyetuuzia kuni, mwanamke mrefu, mpole, aliyesalimia "Kamwene" hata kabla ya kutua mzigo. Mti wenyewe ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Bibi alilikausha gome pamoja na utomvu wake, akalitwanga, akalichanganya na mafuta ya nazi aliyotumiwa na ndugu zake, kisha akamsinga shangazi mwili mzima, asubuhi na jioni. Ngozi ililainika kweli. Ikawa na rangi nzuri yenye wekundu kwa mbali, na mimi nilipenda kupitisha kidole kwenye mkono wake.

Yeye alikaa tu, kama nguo inayopigwa pasi. Siku moja tu nilimsikia akisema, "Mama, mimi simtaki."

Bibi hakuacha kumpaka. "Hata mimi sikuulizwa," alimjibu. "Geuka nikupake mgongo."

Kesho yake shangazi alinionyesha chunjua kwenye kidole chake. Akaniambia, "Rukia, ukitoka kwenda chooni nivunjie vijiti viwili vya mnyaa pale uani. Utomvu wake unatoa chunjua. Usimwambie Bibi, atasema naingilia kazi yake." Kila mtoto alijua kwamba mnyaa hutumika kwa chunjua. Tulijua pia kwamba ukiingia machoni unaweza kupofusha, kwa hiyo nilivibeba kwa uangalifu sana, nimeshika kwa jani la mgomba. Nilimletea siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine tena.

Siku ya nne aliamka shavu moja limevimba, shingo yote malengelenge. Jioni yakapasuka yakawa vidonda. Bibi alipomwona alikaa chini kwenye mkeka. Wiki mbili zilikuwa zimebaki, na dada wa bwana harusi alikuwa anakuja kutoka Mbeya kumkagua mwali. Watu wa mtaani wakisikia mwali ana vidonda usoni, wangeanza kulitaja jina la ugonjwa mbaya.

Mama Lusia aliitwa, akatazama kwa muda mrefu. "Poda hapana," alisema. "Hiyo poda hapa inakwaruza tu. Chemsha gome bichi, maji yakiwa mekundu kabisa unaacha yapoe, unamwosha kwa kitambaa safi. Mara tatu kwa siku. Itakauka yenyewe."

Kazi ya kumwosha nilipewa mimi, kwa sababu Bibi mikono yake ilikuwa mizito. Nilichovya kitambaa, nikakikamua kidogo, nikakiweka shavuni polepole, nikihesabu mpaka ishirini kama nilivyoagizwa.

Mara ya kwanza shangazi alinishika mkono. "Yamwage," aliniambia kwa kunong'ona. "Mwambie Bibi umeniosha."

"Atajua."

"Hatajua. Yamwage pale pembeni, sakafu ni udongo, itakunywa."

Nilimwangalia uso wake ulivyoharibika, nikadhani anaogopa kuwashwa. Nikamwambia hayaumi, mimi mwenyewe nimejaribu kwenye goti langu. Akageukia ukutani. Basi nilingoja. Mchana alipopitiwa na usingizi nilimwosha, taratibu kama mtu anayemfunika mtoto, na alipoamka nilikuwa nimeshamaliza. Nilifanya hivyo kila siku. Nilimpenda sana, na nilitaka apone.

Akapona. Kwanza vidonda viliacha kutoa maji, vikakauka, magaga yakadondoka, chini yake ikatokea ngozi changa isiyo na hata alama. Hakuniomba tena vijiti. Isitoshe, vijiti havikuwepo: Bibi alikuwa amemwita mtu akaufyeka ua wote wa mnyaa, na akasema ni kwa sababu ya nyoka.

Wifi mtarajiwa alifika, mama mnene mwenye bangili nyingi. Akampandisha shangazi kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa kidirisha. "Ngozi ya mtoto mchanga," alisema, na Bibi akaniangalia mimi kwa fahari. Nilipewa kanga mpya. Siku ya kuondoka nilisimama mbele ya watoto wote, nimejifunga kanga yangu, wakati shangazi akipandishwa kwenye lori la kwenda Mbeya. Hakuniaga. Nililia kwa kuona ni maringo ya bibi harusi.

Nilikuwa na watoto wawili nilipompeleka jirani hospitalini na mwanawe aliyejipaka utomvu wa mnyaa shingoni. Nilipoona yale malengelenge niliyatambua: yalikuwa yale yale ya shangazi. Mwezi uliofuata nilipanda basi mpaka Mbeya. Shangazi alikuwa mjane sasa, mwenyewe anaendesha duka, amevaa miwani. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, nikamweleza ni ya nini.

Alikunja kitambaa alichokuwa anapima, akakiweka pembeni.

"Yule bwana alikuwa ameshasema harusi isipofanyika mwezi ule ataoa msichana mwingine," aliniambia. "Nilihitaji wiki mbili tu zaidi, Rukia. Sikuwa na pa kwenda, wala hapakuwa na kijana yeyote. Nilitaka tu aniache."

"Ungeniambia."

"Ungemwambia Bibi. Ulikuwa na miaka minane." Akavua miwani. "Wala usidhani Bibi hakujua."

Alinipikia wali, tukala, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja. Hakusema amenisamehe na mimi sikurudia kuomba. Katika mwezi ule sisi watatu tulikuwa ndani, na mimi peke yangu nilidhani kuna mgonjwa anayehitaji kuponywa. Nilimwosha kwa mapenzi yangu yote, na kila jeraha lililofunga lilimfungia na njia.