Ndege ya Nairobi–Malindi ni saa moja tu, na hiyo saa moja ndiyo iliyoniponza

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Haya yamenifika mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Kuna mtu humu kauliza Nairobi mpaka Malindi kwa ndege ni umbali gani. Mshamjibu vizuri: kilomita mia nne na kitu, mwendo wa saa moja. Naomba niongeze langu.

Mamangu alifariki kwetu Muyeye, nami niko kazini Nairobi. Kakangu Athumani akanipigia jua limeshatoka. Akasema wanazika leo leo, akaniuliza nakuja na nini.

Nikamwambia, "Nakuja na ndege. Ndege ni saa moja."

"Saa moja? Haya, inshallah." Akakata.

Nilitaka kitu kimoja tu, wakuu. Nimuone mama uso kabla sanda haijafungwa. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, jeneza likishatoka nyumbani basi tena.

Nikapata tiketi ya saa sita mchana. Pale uwanjani sikutulia hata kidogo. Nakaa, nasimama, naenda chooni sina haja, nampigia kaka, simu inatumika. Nikajiambia ni watu wanampa pole.

Ndani ya ndege nilikaa na mzee wa Kihindi, ana duka Malindi. Nilimsumbua, masikini! Tumefika wapi? Mbona kama tumesimama hewani?

Akaniambia, "Mama, tulia, ndege haisukumwi."

Siku nyengine ningecheka. Siku ile nilitamani nishuke niisukume kweli.

Tukatua saa saba, vilevile kama ilivyoandikwa kwenye tiketi. Nikadandia tuktuk, nikamhimiza dereva mpaka akanuna.

Nafika nyumbani, wanaume ndio wanarudi, miguu imejaa mchanga. Kaka yuko mbele. Aliponiona akasimama ghafla.

"Mbona mapema?"

Lahaula! Kumbe yeye alielewa ndege ni ya saa moja jioni! Akawaambia watu dada hatawahi, maiti asicheleweshwe. Wakamswalia Adhuhuri, wakamzika. Angejua nafika saa saba wangengoja Alasiri, shekhe mwenyewe alikuwa radhi kungoja.

Nilimpiga kaka ngumi za kifua mbele ya watu wote. Hakujikinga.

Basi wakuu, ukisafiri usimwambie mtu "ni saa moja" ukanyamaza. Sema unatoka saa ngapi na unafika saa ngapi, mchana au usiku, kisha mwambie akurudilie ulivyosema. Hasa sisi tunaozika siku hiyohiyo.

Kaka hunipigia kila Ijumaa kunitaka radhi, nami humwambia yamekwisha.

Hayajaisha. Namkasirikia yeye, halafu nakumbuka neno lilitoka kinywani mwangu, nageuka kujikasirikia mwenyewe. Sijui lawama nimwachie nani.

Kama kuna mwenzangu humu aliyeukosa uso wa mamake hivi hivi, hebu aniambie: hii huisha?