Swali la Mke wa Mwalimu

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa pikipiki mjini Sotik, mwalimu mmoja akaleta pikipiki yake ya mbio. Mkewe alimfuata kwa miguu kwa sababu alikuwa amekataa kupanda.

"Nikiteremka kwa kasi, usukani unatetemeka," mwalimu alisema. "Nimebadilisha tairi lakini bado."

Fundi aliinua gurudumu la mbele, akashika shoki zinazolibeba, akavuta na kusukuma. Kitu kikagonga ndani.

"Beringi za usukani zimelegea," akasema, akakaza nati. "Sasa iko sawa, mwalimu."

Mke akamuuliza fundi taratibu, "Wewe unaweza kubeba mama yako na hii?"

Fundi alichukua spana. Akaifungua nati tena, akatoa beringi zilizolika, akaweka mpya.

Mke wa mwalimu akapanda. Mimi miaka yote nimekuwa nikiwauliza mafundi tu kama wamemaliza.