Nyimbo Zinazopimwa kwa Cherehani

Fundi cherehani mmoja huhukumu nyimbo zilizovuma kwa mguu wake unaokanyaga pedali, si kwa sikio. Zilizotamba miaka ya themanini, anasema, zinafaa mapazia. Za tisini, kwa kasi yake, hukata uzi. Jana shemeji yake, bwana harusi wa alasiri ile, aliwasha redio ukatoka wimbo unaoongoza chati sasa, suruali yake ya harusi ikiwa bado mashineni.

“Huu nao vipi, shemeji?”

“Mwanzo mtamu,” akasema fundi, mguu ukishika kasi. “Kiitikio ndicho hakikamatiki.”

Wimbo ulipoisha, mguu mmoja wa suruali ulikuwa umeshonwa ukazibwa kabisa.

“Sasa nikaoe kwa mguu mmoja? Hakuna wimbo wa kufumulia?”

“Upo, wa miaka ya sabini. Ila mrefu huo. Mpigie bibi harusi, mwambie asitoke kwanza.”