Majumba Mawili na Pwani Yenye Ng'ambo

Nilisafiri kwa sababu mume wangu alininunulia kofia. Wanawake wenzangu wa mtaa wetu wa Section 58 hapa Nakuru mnaomfahamu Baba Njeri mtakubali kwamba jambo kama hilo haliachwi lipite bila uchunguzi. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa amenipa sufuria, blanketi, jiko la gesi na tangi la maji, vitu ambavyo yeye pia anavitumia. Kofia ilikuwa ya kwangu peke yangu: ya ukindu, pana, yenye utepe wa buluu, kama zile wanazovaa watalii kwenye kalenda.

Siku ya harusi yetu aliahidi mbele ya shangazi zangu kwamba atanipeleka Mombasa nikaone bahari. Fungate tukaenda Elburgon kumsaidia kaka yake kuvuna viazi. Tangu hapo bahari imekuwa ikiahirishwa: karo, paa, kazi, goti lake la kushoto. Kwa hiyo aliponiwekea kofia mezani na kuniambia amekodi gari kwa safari ya faragha ya siku moja, "majumba ya kifalme na mandhari ya pwani," nilimtazama kwa huruma. Nimefundisha jiografia darasa la sita kwa miaka ishirini na minane. Ramani ninayoijua mimi haimruhusu mtu kunywa chai Nakuru asubuhi, aone bahari, kisha arudi kulisha kuku jioni.

"Wewe vaa tu kofia," alisema. "Leo hutaki kuamini mtu?"

Nikavaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lilikuwa langoni. Dereva aliitwa Kibet, kijana mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. "Sasa mathe! Leo wewe ni VIP," alinisalimu, akanifungulia mlango wa nyuma. Nikapata nafasi ya kuchungulia buti. Mlikuwa na kikapu cha chakula, madafu mawili ya kununuliwa soko la Nakuru, na jozi mbili za gambuti.

"Gambuti za nini pwani?" nikauliza.

"Kuna matope kidogo," alisema Baba Njeri, akifunga buti haraka. "Mama Njeri, wacha maswali mingi. Leo wewe ni mgeni."

Faragha yenyewe ilikuwa hivi: abiria tulikuwa wawili, na wa tatu alikuwa simu ya mume wangu. Ililia tukiwa mjini, ikalia tukipanda barabara ya Eldoret, ikalia tena Ngata. Kila mara aligeukia dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Eeh, tunakuja. Fagieni hapo mbele. Hiyo ingine funikeni." Nilidhani labda wafalme wanatufagilia.

Saa mbili asubuhi tulifika jumba la kwanza, lile la mawe upande wa Njoro ambalo kila mtoto wa shule Nakuru ameshapelekwa kulitazama akiwa na soda na mkate. Mimi mwenyewe nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi hata naweza kutaja madirisha yenye ufa. Sikusema. Nilikuwa mgeni. Msichana wa kutembeza wageni, jina lake Sharon, alitupitisha ukumbi wa dansi, ngazi za mbao na vyumba ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimaliza hata akilala kimoja kila siku ya mwezi.

"Wanasema huyo Mzungu alijengea mwanamke mwenye alikuwa anapenda," Sharon alieleza. "Alijenga miaka mingi. Mawe zilitoka mbali, hadi mabomba ya bafu. Kumaliza, akamleta aone. Mwanamke akakataa kuishi hapa."

Baba Njeri alitikisa kichwa kwa uchungu kana kwamba marehemu alikuwa binamu yake. "Mtu hana shukrani kabisa," alisema. "Nyumba mzima kama hii!"

"Sharon, mama," nikauliza, "huyo mwanamke aliulizwa kabla ya kujengewa?"

"Hapana, mathe. Ilikuwa sapraizi."

"Hata hivyo," mume wangu aliendelea, akipapasa nguzo, "angekaa kidogo azoee." Nililiona hilo kuwa jambo la ajabu kulisema mtu aliyekuja kutalii, lakini sikulifuatilia. Tukapigwa picha ngazini. Katika picha hiyo mimi ninaonekana nimevaa kofia kubwa na wasiwasi mdogo.

Saa nne tulirudi kwenye barabara kuu. Kwenda pwani, hata pwani ya uongo, unakata kulia kuelekea Nakuru. Kibet akakata kushoto, tukaanza kupanda.

"Kibet, bahari imehamia Molo?"

Kijana alinitazama kwenye kioo. "Ni boss, mathe."

"Tupitie hapo kidogo tu," alisema boss.

Nyinyi mnaijua sentensi hiyo. Hakuna Mkenya mwenye gari anayekwenda mahali moja kwa moja. Lazima apitie hapo kidogo. Kwa kupitia hapo kidogo, mimi nimewahi kwenda harusi nikafika wakati viti vinarudishwa. Tulipita Salgaa kwenye malori yake. Sachangwan, ambako moto wa lori la mafuta uliua watu wengi, tulipita kimya, kama anavyopita kila mtu wa kwetu mwenye kumbukumbu, na hata simu ya mume wangu ilikuwa na adabu ya kutolia. Baadaye kidogo tukaiacha lami. Ukungu ulikuwa chini, baridi inauma masikio, na mimi na kofia yangu ya ufukweni tulikuwa tukirushwa kwenye barabara ya udongo katikati ya mashamba ya viazi. Hapo gambuti zikaanza kunielea.

Jumba la pili lilitokea ghafla kwenye ukungu. Paa la buluu, nguzo nne nene mbele, roshani juu, na lango la chuma lenye simba wawili waliochomelewa, mmoja bado hajapakwa rangi. Mtu mwenye futi mkononi alitoka mbio kutulaki. Alikuwa fundi Wafula, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maskini.

"Mathe, karibu kwako!" alisema, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Sasa tumefurahi. Boss alisema mnahamia mwezi wa nne, ile nyumba ya Nakuru ikishauzwa. Tumekungojea wewe uchague tu tailisi za jikoni."

Nilisimama pale nikiwa nimeshikwa mkono.

Ile nyumba ya Nakuru, wasomaji wangu, ni nyumba yangu. Mnaijua. Tuliinunua pamoja, nusu yake ikitoka kwenye mshahara wangu wa ualimu. Watoto wangu watatu wamejifunza kutembea kwenye saruji yake nyekundu. Kutoka mlangoni pake hadi kanisani ni dakika sita, hadi kwa daktari wa presha dakika kumi, hadi kwa Mama Saida, jirani ninayekunywa naye chai kila alasiri, ni kusukuma geti tu. Na mume wangu alikuwa ameshaiuza kichwani mwake, amehamisha vitanda, amefikia vigae vya jikoni.

"Ni sapraizi," alisema Baba Njeri. Alikuwa anatabasamu kama mtoto anayesubiri kupigiwa makofi. "Vyumba vitano. Miaka mbili najenga pole pole. Uliona hizo nguzo?"

Siku zote zile alizoniambia anaenda kumwona mgonjwa Elburgon! Mgonjwa alikuwa na nguzo nne.

Nikavaa gambuti, nikatembezwa. Chumba cha wageni, ambao watapanda mlima huo kuja kutafuta nini sijui. Chumba cha Njeri, ambaye anaishi Kanada. Sebule ambayo ukikohoa upande huu unajijibu upande ule. Wafula aliniuliza kama napendelea tailisi nyeupe au za rangi ya maziwa. Nikamwambia kazi yake ni safi, kwa sababu ilikuwa safi na kosa halikuwa lake, na kwamba tailisi zisubiri. Kisha nikarudi kwenye gari. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu mwaka ule aliponiuzia ng'ombe bila kuniambia, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi: niliumia kwamba mtu aliyelala kando yangu miaka miwili alikuwa akiniona kila usiku na hakuniambia.

Saa nane mchana tulikuwa Elementaita. Njia nzima hakuna aliyeongea, isipokuwa Kibet, ambaye alisema "pole" kwenye kila tuta. Tulipopita karibu na Section 58 ningeweza kuomba nishushwe. Lakini pwani niliahidiwa, na nilitaka kuona atathubutu kunionyesha nini.

Alinionyesha ziwa. Nisiwe mchoyo wa sifa: lilikuwa zuri. Ukingo mweupe wa magadi, heroe wamejipanga kama mstari wa chaki ya rangi, mwari wakielea bila haraka, na milima ng'ambo imelala ubavu. Hapo ndipo tatizo la kijiografia lilipo. Bahari niliyowafundisha watoto wa watu haina ng'ambo inayoonekana. Hii ilikuwa na ng'ambo, na kwenye ng'ambo kulikuwa na ng'ombe.

"Si unaona pwani?" alisema Baba Njeri kwa sauti ndogo.

Kibet alitufungulia madafu, akatutandikia shuka, halafu akakumbuka kwamba gari linahitaji kufutwa vumbi mbali sana na tulipo. Nikafungua kikapu nitoe chai. Chini ya chupa ya chai, juu ya chapati, kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake karatasi ya wakili: mimi, mke wa fulani, ninakubali kwa hiari yangu nyumba yetu ya ndoa iuzwe. Bila saini yangu hauziki hata mlango, sheria ndivyo inavyosema, na Baba Njeri alikuwa ameipanga saini hiyo vizuri: kwanza kofia, halafu jumba, halafu dafu, halafu kalamu. Kalamu alikuwa nayo tayari mfukoni mwa shati.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

Aligeuka akatazama heroe. "Ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo."

Hapo ndipo uso wake ulipoporomoka. Akaniambia jambo ambalo nusu nilikuwa nalijua na nusu hakuwahi kulitamka. Kwamba mama yake aliwalea katika kambi ya vibarua, kwenye shamba la mtu, na walipofukuzwa walitembea na vyombo vyao mvuani wakipita nyumba moja yenye nguzo. Alikuwa na miaka minane. Kwamba tangu astaafu anakaa kwenye kiti pale getini, majirani wanapita wanakwenda kazini, wanamwambia "Uko, mzee?" na yeye anajibu "Niko," na hana hakika kama yuko. "Nilitaka kabla sijakufa uniite mtu mwenye nyumba," alisema. Macho yalikuwa yamelowa, na goti la kushoto lilikuwa linamuuma kukaa chini vile.

Nilimhurumia. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimemcheka kurasa zote hizi. Nilimhurumia yule mtoto wa mvuani hadi nikamshika mkono. Lakini huruma ni yangu na nyumba ni yetu, na sikuona kwa nini nilipie mvua ile kwa Mama Saida wangu, kanisa langu na dakika zangu kumi za kwenda kwa daktari.

"Nipe kalamu," nikasema.

Alinipa haraka sana. Nikaitazama, nikamrudishia, nikachukua yangu kwenye mkoba. Mwalimu hastaafu na kalamu nyekundu ikabaki shuleni. Nikapiga mstari chini ya maneno "kwa hiari yangu," nikaweka alama ya kuuliza, na pale pa saini nikaandika kwa mwandiko wa darasa la sita: Rudia kazi hii. Soma swali kwanza.

Tukanywa chai. Chapati zilikuwa nzuri; nilizipika mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni Kibet alitushusha langoni. "Mathe, safari ilikuaje?" aliuliza, kwa kuwa kampuni inataka maoni ya mteja. Nikamwambia majumba yalikuwa mawili, yote yamejengewa wanawake wasioulizwa, na pwani yake ipelekwe kwa fundi iondolewe ng'ambo. Aliandika kila neno.

Nilichojifunza si kingi kwa umri wangu. Nimejifunza kwamba mwanamume anaweza kubeba mawe kutoka mbali miaka mingi kwa sababu anaogopa sentensi moja fupi yenye alama ya kuuliza mwishoni. Jumba la mlimani bado lipo. Viazi vya shemeji yangu wa Elburgon vimehamia chumba cha Njeri na nasikia vinapenda ubaridi.

Wiki tatu baada ya safari, nilikuta karatasi mezani chini ya kikombe changu. Haikuwa ya wakili. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari, kwa mkono wa Baba Njeri unaoegemea kushoto: "Mama Njeri, wewe ungependa tuishi wapi?" Niliisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nikaiwekea tiki kubwa nyekundu na alama zote, nikamrudishia pale getini kwenye kiti chake.

Aliuliza jibu liko wapi. Nikamwambia jibu lipo, nami nitalitoa nikiwa nimesimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo. Treni ya Mombasa anajua inaanzia wapi. Kofia ninayo.