Siku Niliyoshangiliwa Mwaloni

Kuna aibu za kuteleza kwenye tope, watu wakacheka na wewe ukacheka nao, yakaisha. Hii yangu si ya hivyo. Walioshangilia walishanyamaza zamani, na mimi bado nikipita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, napita nikiangalia chini.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiachia kidato cha pili, nikapita machimboni Geita, nikabeba mizigo, nikauza vocha, na popote nilipokuwa nilisoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi. Mwisho nikafungua blogu, yangu peke yangu, naiandika kwa simu, na kazi yake ni kueleza zile siasa za mtu anayesimama jukwaani akasema mimi na nyinyi ndio wananchi, halafu akamnyooshea kidole jirani yenu kwamba huyo ndiye anayewala. Mbinu hiyo niliijua hatua kwa hatua (nilijiona profesa kabisa). Makala zangu niliziandikia kibandani kwa Mama Kabula, mjane anayeuza dagaa kwenye mwalo wetu huku Ilemela, maana alikuwa na sola ndogo ya kuchajia simu.

"Magesa, leo unamsema nani?" ananiuliza.

"Wanaodanganya watu, mama."

"Andika herufi kubwa basi, wengine macho yamechoka."

Sasa siku hiyo akaja mgombea mmoja kufanya mkutano pale pale mwaloni, na mimi nikataka picha ya karibu, lakini mbele walikuwa wanapita wenye kofia za kampeni tu, nikajiambia kofia ni kitambaa, nikaomba moja nikavaa. Kosa langu lilianzia hapo. Mshereheshaji akaangaza macho, akaniona nimeinua simu, akasema, "Tumsikie mwananchi wa kawaida. Wewe mrefu, njoo hapa."

Nilipanda nikiwa na swali moja gumu la kumuuliza mgombea. Nikaanza kwa kujitambulisha, "Naitwa Magesa, sina shule," na watu wakashangilia. Sikuwa nimewahi kushangiliwa maishani (blogu yangu ikipata maoni, mengi ni ya watu wanaouza dawa za nguvu). Swali likayeyuka kichwani. Nikasema watu wa hapa wanaumia, wakashangilia, nikasema wanaowaumiza wamo humu humu mwaloni, kelele zikazidi, na kwa kuwa nilitaka nyingine nikasema, "Ndoo mnazopimiwa dagaa mnazijua. Zimeunguzwa kitako kikaingia ndani, mnalipia ndoo nzima mnabeba pungufu. Zipindueni mjionee."

Wakaenda kuzipindua.

Ndoo nyingi zilikuwa nzima. Iliyobonyea kitako ilikuwa ya Mama Kabula, na niliyeiunguza ni mimi, siku niliyoiegesha kwenye jiko lake la moto huku nimezama kwenye simu. Alinisamehe palepale, na tangu hapo alimwongezea kila mteja bakuli zima juu ya ndoo. Hayo yote niliyajua. Nilipokuwa naongea hayakunijia.

"Huyo hapana," nikasema, "hiyo ndoo niliiunguza mimi," lakini mshereheshaji alikuwa ameshachukua kipaza sauti, ananipigapiga mgongoni, "Ahsante ndugu mwananchi." Nikaruka chini nikasukumana hadi kibandani, namshika mtu mkono namweleza, naye ananitazama kwa furaha kabisa.

"Tumekuelewa, kaka. Umesema kweli tupu."

Dagaa walimwagwa majini. Kibanda kikang'olewa nguzo. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye mchanga akiwa ameshika kandambili moja, anauliza kila anayepita, "Nimekukosea nini?" na hakuniuliza mimi, alinitazama tu, akaitazama na kofia niliyovaa, ambayo nilikuwa nimeisahau kichwani.

Video ilizunguka Mwanza nzima. Msomaji mmoja wa blogu akanitumia aya niliyoiandika mwenyewe kuhusu kunyooshea watu kidole, bila kuongeza neno. Nikaandika makala ya kukiri kila kitu, nikaenda kwa viongozi wa mwalo kumwombea Mama Kabula arudishiwe nafasi yake, wakanisikiliza kwa adabu. "Watu wameshaamini," mmoja akasema. "Akirudi watamchoma. Wewe utamlinda?"

Alihamia Busisi kwa dada yake. Nilimkuta kando ya barabara ya zamani ya kivukoni, ana mafungu machache ya dagaa juu ya gunia, mahali ambapo magari yalikuwa yanapanga foleni na sasa yanapita juu ya daraja bila kusimama.

"Shikamoo, mama."

Akapanga kwanza fungu moja la dagaa. "Marahaba."

"Nimeandika ukweli wote."

"Kabula amenisomea. Umeandika vizuri." Akafukuza nzi kwenye mafungu. "Kwa hiyo naweza kurudi?"

Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

Nimeapa sishiki tena kipaza sauti, hata cha harusini. Marafiki wanadhani naogopa watu. Watu siwaogopi. Naogopa kwamba zile kelele, pamoja na yote niliyoyaona yakitoka ndani yake, nikilala nazisikia, na bado ni tamu.