Mkono wa Kulia, Mguu wa Kulia

Kampuni ya mazoezi ya michezo ilitangaza rasmi, kwa saini ya Mkurugenzi na mhuri uliogongwa mara mbili ili asitokee mbishi, kwamba nembo yake ya zamani imestaafishwa. Sababu ilielezwa kwa heshima zote: mkimbiaji aliyechorwa humo ametanguliza mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia, na "hakuna binadamu, aliye hai au aliyetangulia mbele ya haki, anayekimbia namna hiyo."

Aliyegundua kosa hilo ni Rula. Wazazi hawakumpa jina hilo; alibandikwa na wachapaji wa fulana aliofanya nao kazi, kwa kuwa hata kadi ya harusi hakuisoma kabla ya kupima pambizo zake. Alikwenda pale kuomba kazi ya kuchora nembo mpya, akaulizwa ile ya zamani ina kasoro gani, akaitazama, akasema. Wajumbe wa kikao waliinuka mmoja mmoja kujaribu kwenda vile kutoka dirishani hadi mlangoni. Wakashindwa. Akapewa kazi papo hapo.

Alichokalia kimya ni kwamba nembo ile ilichorwa na mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kushika brashi, na ambaye sasa aliishi kwake, katika chumba cha nyuma. Mjomba hakuwa mtu wa kujishusha. Fulana yenye nembo hiyo aliivaa kila aendapo mbele za watu, akisema wengine wana shahada, yeye ana mkimbiaji.

Tangazo lilipomfikia, alimwita mpwa wake sebuleni.

"Mwanangu, nani kawaambia nimekosea?"

"Mimi, Mjomba."

"Ahaa. Na mimi nilidhani ni adui."

"Mjomba, hakuna mtu anakimbia hivyo."

"Yupo. Huyo Mkurugenzi wako. Enzi hizo kocha tu, mwembamba kama fito. Nikamwambia kimbia, akakimbia, nikachora."

"Ulichora kiwiliwili kabla ya chai na miguu baada ya chai. Mwenzio akabadilisha mguu, ukaendelea tu."

"Mimi nachora ninachokiona."

"Yule kinyozi ulimchorea mkono wa vidole sita."

"Yule alikuwa na kasi." Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana. "Siku ukitaka kuona, nitakuazima."

Kuanzia hapo alihamishia chakula chake chumbani, akila mlango ukiwa wazi ili ionekane wazi kwamba amesusa. Rula alikula mezani peke yake. Kumnyang'anya mzee chumba kungekuwa nafuu. Yeye alikuwa amemnyang'anya jina.

Kazini mambo hayakuwa bora. Alipeleka mkimbiaji mpya, mikono na miguu ikipishana kama alivyoagiza Muumba. Meneja wa Masoko akasifu, kisha akaomba uso uondolewe, maana wapo wateja wasiofanana nao. Wiki iliyofuata vidole vilikwenda, kisha mikono, kwa kuwa imeshaleta matatizo huko nyuma. Miguu ikafuata, ili ubaki mwendo wenyewe. Ilipopitishwa, nembo ilikuwa mkato mmoja wa kijani uliopinda, na kikonyo juu.

Rula aliibandika ukutani sebuleni. Mjomba, akipita kupeleka sahani yake jikoni, alisimama.

"Unauza pilipili siku hizi?"

"Ni mwendo, Mjomba."

"Pilipili haiendi popote mpaka ibebwe."

Tangu siku ile alikuwa hajamsemesha, hivyo Rula alilipokea hilo kama salamu. Akamwomba aje naye kwenye uzinduzi. Mzee akaguna tu, lakini siku yenyewe alitangulia kufika getini, amevaa fulana yake. Mlinzi alimwonyesha agizo: nembo ya zamani isionekane popote. Mjomba alivua, akaigeuza nje ndani, akavaa tena. Mkimbiaji akabaki amelala juu ya kitambi chake.

Uwanja ulijaa makocha, wateja na jamaa za wateja. Bango jipya lilifunikwa pazia jeupe, na Mkurugenzi akasimama mbali nalo, mikono mifukoni, akisoma hotuba kuhusu kwenda na wakati. Alikuwa mtu wa gari na lifti, na wafanyakazi wengi hawakuwahi kumwona akiharakia kitu. Kabla hajafika mwisho, upepo ukaliingia pazia kwa chini, kamba moja ikakatika, na ile pilipili ikaanza kuchungulia.

"Shikeni hapo," alisema Mkurugenzi, lakini makocha walikuwa wakipiga makofi, wakidhani ndiyo sehemu yenyewe. Akaitupa hotuba, akakimbia mwenyewe.

Makofi yalipungua, kisha yakaisha. Makocha wakainama kukagua kamba za viatu vyao. Meneja wa Masoko akatazama mawingu kwa umakini wa mtu aliyeajiriwa kuyatazama.

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana, akampa mpwa wake. Rula akaivaa. Ilikuwa na nguvu mno kwa macho yake, akaendelea kuivaa.

Jioni hiyo walikula meza moja. Picha rasmi ya uzinduzi ilitundikwa mapokezi wiki iliyofuata, na kwa upande wa ufundi ilitoka safi sana: pazia limesimama hewani, Mkurugenzi yuko katikati, mkono wa kulia mbele, mguu wa kulia mbele.