Siku Niliyokuwa Pluto

Enzi zetu sayari zilikuwa tisa, na zote zilikuwa na kazi. Watoto wa siku hizi wana nane tu na bado wanazisahau. Pluto walimtoa bila hata kikao cha ukoo, na vijana wanaona sawa tu. Mimi iliniuma sana, maana Pluto nilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi kwa baba mdogo Bweri ili nisome Musoma. Wazazi wangu walibaki Guta na mihogo yao na ng'ombe wachache. Baba hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Siku ya wazazi ilipokaribia nilimwandikia barua aje anione nikiigiza, akajibu kwa mistari miwili kwamba atakuja. Wiki nzima nilitembea na barua hiyo mfukoni.

Mwalimu Wambura, wa sayansi, ndiye aliyeandaa igizo la sayari, na hakupenda mambo ya kukadiria. Alisema Jua likiwa Musoma basi Pluto ni Bunda, asitudanganye mtu. Sayari saba za kwanza alizibana kiwanjani ili wageni wazione, lakini za mbali zilipelekwa mbali kweli, ilimradi zina ndugu huko. Neptuni akaenda kwa shangazi yake Butiama. Mimi nikaambiwa niende kwetu Guta, huko huko Bunda, nisimame, nizunguke polepole. Nikauliza kama nami nitatapika moto kama wenzangu wenye volkano.

"Wewe huna volkano," akasema. "Tulia tu."

Enzi zetu mwalimu habishiwi. Nikapanda basi asubuhi ya siku yenyewe, nikiomba nifike kabla Baba hajatoka. Njiani tukapishana na basi la kwenda Musoma, na dirishani nikaiona kofia ya Baba. Nilipiga kelele mpaka kondakta akaniuliza kama nimeibiwa.

Nyumbani Mama alishika kiuno. "Umefukuzwa shule?" Nikamwambia hapana, mimi ni Pluto. Alinigusa paji la uso, kisha akaenda kuchemsha muarobaini.

Yaliyotokea shuleni nilisimuliwa na baba mdogo. Zuhura, sayari yenye joto kuliko zote, alifunikwa mablanketi matatu mpaka akaanza kumwita mama yake. Mirihi, mwenye mlima wa volkano mrefu kuliko yote, alikalishwa juu ya madawati yaliyopangwa hadi usawa wa paa la darasa, akashindwa kushuka. Kulikuwa pia na Io, mwezi wa Mshtarii. Hakuna panapolipuka volkano kama huko, kwa sababu Mshtarii na miezi mingine huuvuta huku na huku mpaka tumbo linachemka. Io alipewa sufuria ya magadi, akamiminiwa maji ya ndimu. Povu likapanda, likamlowesha mwili mzima. Mwalimu alisahau jambo ambalo mtu wa Mara hapaswi kulisahau: ng'ombe na magadi. Ng'ombe wa jirani waliingia kiwanjani wakamlamba Io mbele ya wageni, na Mshtarii, mkubwa wa wote, akawa wa kwanza kukimbia.

Katika vurugu hiyo Baba akamfuata mwalimu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko Pluto, mzee."

"Kwani Pluto ni kwa nani?"

"Ni kwako, Guta."

"Mimi si nimetoka huko huko! Sasa anamalizaga saa ngapi?"

"Mzunguko mmoja ni miaka mia mbili arobaini na nane."

Baba akafikiri. "Na mtihani wa darasa la saba ataufanya lini?"

Alirudi jioni, vumbi limemjaa, akanikuta nyuma ya zizi nikilia. Akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, nimefika. Anza."

Nikasimama katikati ya ua, nikaanza kugeuka polepole.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo, Baba. Pluto hanaga haraka."

Hakucheka. Alinitazama mpaka Mama alipoita chakula, kisha akapiga makofi peke yake.

Siku hizi nasoma kwenye simu kwamba hata Pluto ana milima inayodhaniwa iliwahi kutapika barafu. Kumbe volkano nilikuwa nayo. Simu zinatuambia kila kitu sasa, na hakuna anayepishana na mtu njiani. Juzi binti yangu aliigiza shuleni kwao nikiwa kazini, wakanirushia video. Niliitazama mwanzo tu, nikatuma dole gumba, nikaendelea na shughuli zangu. Jioni akaniuliza ni sehemu gani iliyonifurahisha zaidi.

Nikamjibu, "Zote."